Dirisha la dawa: nani ameridhika?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji utakayeyakuta maneno haya gazetini, juma hili naomba tusimame pamoja mahali ambapo karibu kila mkazi wa mjini amewahi kusimama. Nasema mbele ya dirisha la dawa, hospitalini, upande wa wagonjwa wa nje. Chumba cha daktari kimeshazungumzwa sana, na wodi pia. Mimi nataka lile dirisha la mwisho, lenye kitundu kilichokatwa kwenye kioo kwa kimo cha kifua, ambacho mtu mzima hana budi kuinama ili asikike, na akishainama hamwoni tena yule anayesema naye.

Siku hizi hospitali nyingi zimeingia katika shughuli ya kupima kuridhika kwa wagonjwa, na ni jambo jema. Anakuja kijana mwenye karatasi, au mwenye simu ya mkononi, anakukuta umeshika vibahasha vyako, anakuuliza: je, umeridhika na huduma ya dawa? Sana, kiasi, au hukuridhika? Majibu yanajumlishwa, yanagawanywa, na mwisho wa robo mwaka bango linabandikwa mapokezi kuonyesha kwamba walioridhika ni wengi. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni na swali lenyewe.

Hebu tujitazame sisi wenyewe tunavyojibu maswali. Mtu amelazwa, dripu inaning'inia, jirani anaingia kumjulia hali. "Hujambo?" "Sijambo." "Habari za hapa?" "Nzuri, tunashukuru." Kisha, baada ya jirani kuvuta kigoda na kuketi, ndipo mgonjwa anapoeleza kwamba hajapata usingizi usiku wa tatu huu. Ndivyo tulivyolelewa. Jibu la kwanza ni la adabu, na habari inakuja katika jibu la pili au la tatu. Sasa kijana wa karatasi analichukua lile la kwanza, analitia alama ya vema, na kwenda zake kwa anayefuata.

Tena anaulizia wapi? Aghalabu hatua tano kutoka dirishani, mtoa dawa akiwa anasikia. Mgonjwa wa presha au wa kisukari atarudi hapo hapo mwezi ujao, na anajua hivyo. Na hata asipoogopa, wakati ule moyo umekwisha kutulia: alitoka nyumbani alfajiri akidhani atarudi magharibi, kumbe saa nane mchana dawa anazo. Kwa nini asiseme ameridhika? Amepata zaidi ya alichotarajia, kwa kuwa alichotarajia kilikuwa kidogo sana.

Mtaalamu aliyezaliwa Beirut na kufanya kazi Marekani, Avedis Donabedian, aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa tiba unaweza kutazamwa katika mambo matatu: vitu na watu waliopo, namna kazi inavyofanywa, na mgonjwa anavyoishia. Mgonjwa ni shahidi mzuri sana wa baadhi ya mambo hayo. Anajua amesimama muda gani, anajua kama amefokewa, anajua kama benchi lilikuwapo. Lakini hana njia ya kujua, pale pale, kama alichoelezwa kinatosha kumponya. Hilo hulijua siku ya nne au ya tano, nyumbani, na siku hiyo hakuna anayemfuata na karatasi.

Nitoe mfano. Mwaka jana nilimsindikiza ndugu yangu katika hospitali moja ya hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja. Wakati nikisubiri, mzee mmoja aliketi karibu nami, vibahasha vitatu vya plastiki mkononi, uso umekunjuka. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wameshanipa. Kijana yule ana adabu sana, kaniamkia vizuri, hakuninyanyasa."

"Kwa hiyo umeridhika, mzee?"

"Mno. Mungu ambariki."

Nikaomba kuviona vile vibahasha. Cha kwanza kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu: 1x3. Cha pili: 2x2. Cha tatu: 1x1. Basi. Jina la dawa halikuwapo, jina la mzee halikuwapo. Nikamuuliza atavimezaje. Akanijibu bila kusita: hiki, kimoja kimoja kwa siku tatu, hiki, viwili viwili kwa siku mbili, na hiki cha mwisho ni kidonge cha siku moja tu, cha kumalizia. Nikahesabu vidonge katika kile kibahasha cha kwanza. Vilikuwa 21.

Wewe msikilizaji huenda umeshaelewa. Ile 1x3 ni lugha ya kazi. Maana yake kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, na kwa vidonge 21 ni siku saba kamili. Mzee angemeza vitatu, kimoja kila siku, na 18 vingebaki kabatini kumsubiri mjukuu atakayepata homa. Na kama kijana wa karatasi angepita wakati ule, mzee angehesabiwa miongoni mwa walioridhika sana, na wala asingekuwa amesema uongo.

Tulirudi dirishani pamoja. Yule mtoa dawa alieleza upya, kwa upole ule ule, na ilimchukua kama dakika mbili. Nyuma yetu foleni iliguna dakika hizo zote.

Sasa naomba tuangalie maneno yenyewe yanayosemwa pale dirishani, kwa sababu hapa pana jambo ambalo wenzetu wa afya, kwa maoni yangu, hawajalitazama vya kutosha. Usemi uliozoeleka ni "moja kutwa mara tatu". Unasemwa kwa haraka, kama kiitikio. Lakini kutwa ni nini? Sote tunasema mchana kutwa, usiku kucha. Kutwa ni tangu jua linapochomoza mpaka linapokuchwa. Mama anayeambiwa ampe mtoto dawa kutwa mara tatu, na akalielewa neno kama bibi yake alivyolielewa, atampa asubuhi, adhuhuri na alasiri. Tangu alasiri mpaka asubuhi inayofuata ni saa kumi na nne au zaidi ambazo mtoto hana dawa mpya mwilini. Kwa dawa kama amoksilini, inayotakiwa kufika kila baada ya saa nane ili vijidudu visipate nafasi ya kuinua kichwa, huo ni usiku mrefu.

Basi mwingine atasema, tuandike kwa saa. Vema, lakini nako kuna shimo. Kibahasha kikiandikwa "kila saa 8", msomaji ana haki ya kuelewa kwamba dawa inamezwa kila siku saa nane, yaani baada ya chakula cha mchana, mara moja. Hiyo ndiyo maana ya kawaida ya maneno hayo kwa Kiswahili. Na mwandikaji akiifuata saa ya Kizungu iliyoko ukutani, akaandika 8 akikusudia asubuhi, mgonjwa anasoma saa nane, tofauti ya saa sita. Sisi tunahesabu tangu macheo, wao tangu usiku wa manane. Mtu akichelewa harusi kwa kosa hilo tunacheka. Kwa dawa si kicheko.

Chukua dawa ya mseto ya malaria, ile iliyochukua nafasi ya SP nchini Tanzania kati ya mwaka 2006 na 2007. Mtu mzima anapewa vidonge 24. Anameza vinne, kisha vinne vingine baada ya saa nane kupita, kisha vinne asubuhi na vinne usiku kwa siku mbili zinazofuata. Inatakiwa imezwe pamoja na chakula, hasa chenye mafuta kidogo au maziwa, ili mwili uichukue vizuri. Hebu jaribu kuyasema hayo yote kupitia kitundu cha kioo huku mtoto analia na feni inapiga kelele. Aliyemeza vinne vya kwanza saa nne asubuhi, cha pili chake ni saa kumi na mbili jioni. Kama aliambiwa "vingine saa nane", atameza saa nane mchana, saa nne tu baada ya vile vya kwanza. Kama alielewa "asubuhi na jioni" tu, huenda akaviacha vya pili mpaka kesho. Na siku ya pili homa ikishuka, anaona amepona, vilivyobaki anavihifadhi.

Njia ya kuondoa matatizo haya haihitaji mashine. Inatosha kuandika saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Hizo ni saa nane kamili katikati, na kila Mswahili anazijua bila kufikiri. Ningeongeza na kitu kimoja zaidi, nacho ni kumwambia mgonjwa, "Hebu nieleze wewe utakavyomeza." Yule mzee angegunduliwa papo hapo.

Mtoa dawa atanijibu, na ana haki, kwamba wakati haupo. Basi tufanye hesabu. Tuseme dirisha moja linahudumia watu 300 tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hizo ni saa saba, yaani dakika 420. Kila mgonjwa anapata sekunde 84, na ndani ya sekunde hizo mtu asome mwandiko wa daktari, atafute dawa rafuni, ahesabu vidonge, aandike kibahasha, kisha aeleze. Lakini hesabu hiyo nayo inampendelea, kwa sababu wagonjwa hawaji kwa kupishana kama shanga. Asubuhi wako mapokezi, kisha kwa daktari, kisha maabara, kisha wanarudi kwa daktari na majibu. Ndipo kuanzia saa nne wanamiminika kwa pamoja. Kama wote 300 watafika dirishani kati ya saa nne na saa nane, kila mmoja ana sekunde 48. Katika sekunde 48, kiitikio cha "moja kutwa mara tatu, anayefuata" ndicho kinachoweza kutoka, hata kwa malaika.

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha vipimo vya matumizi ya dawa katika vituo vya afya, baada ya majaribio katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo. Kitabu hicho hakikuanza na kumuuliza mgonjwa kama amefurahi. Kwa upande wa huduma kwa mgonjwa kilitaka mambo matano yahesabiwe: anakaa na mganga dakika ngapi, anahudumiwa dirishani sekunde ngapi, kati ya dawa alizoandikiwa amepewa ngapi hasa, ngapi zimeandikwa jina lake, jina la dawa na wakati wa kumeza, na je, anapotoka anajua namna ya kuzimeza. Vipimo hivyo bado vinafaa leo hii. Mtu mmoja mwenye saa na daftari akikaa mlangoni asubuhi moja, akazungumza na wagonjwa 30 wanaotoka, jioni atajua mengi zaidi ya bango lote la mapokezi. Akae mbali na dirisha lakini, na avue koti jeupe.

Nimetaja dawa zilizoandikwa na zile alizopewa hasa. Hapo ndipo watu wa mjini wanapoumia zaidi, wala hakuna lugha ya adabu inayoweza kulifunika. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za serikali mwaka 1993, safari ya cheti cha dawa imekuwa ndefu. Katika hospitali nyingi unapeleka cheti dirishani kwanza ili uandikiwe bei. Unakwenda kwa keshia, foleni ya pili. Unarudi na stakabadhi dirisha lile lile, foleni ya tatu. Mahali pengine kompyuta zimefupisha mzunguko huo, na wanaostahili sifa wapewe sifa zao. Lakini hata kompyuta haiwezi kutoa kidonge ambacho hakipo. Mtu anasimama saa nzima ili aambiwe neno moja: hakuna. Kanunue nje.

Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993 ili dawa zifike vituoni kwa utaratibu na kwa bei nafuu, na tangu hapo yamefanyika mengi. Lakini mgonjwa hakutani na bohari. Anakutana na yule kijana wa dirishani, na kwake yeye kijana ndiye bohari, ndiye wizara, ndiye serikali. Hasira yote ya oda iliyochelewa inapita katika kile kitundu cha kioo. Nimemwona dada mmoja wa dirishani akitukanwa kwa dawa ambayo hakuiagiza, hakuichelewesha na wala hana mamlaka ya kuinunua. Huyo naye tungemuuliza ameridhika kiasi gani.

Wa kutazamwa kwa makini zaidi ni wale wenye msamaha: watoto wa chini ya miaka mitano, mama wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kwao sera inasema tiba ni bure. Mzee anatafuta barua ya mtaa, anapita ofisi ya ustawi wa jamii, anagongewa muhuri, anamwona daktari bila kulipa, na moyo wake unafurahi. Kisha anafika dirishani na kuambiwa hakuna. Duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara halina habari ya muhuri wake. Kwa hiyo msamaha wa mzee huyu umefika kikomo pale kwenye kioo, hatua chache kabla ya dawa yenyewe. Anayekwenda dukani na fedha pungufu ananunua nusu dozi, maana mwenye duka hakatai kuhesabu vidonge sita badala ya 21. Tunaojua namna vijidudu vinavyojifunza kuizoea dawa iliyomezwa nusunusu, tunajua kwamba gharama ya vile vidonge 15 haikuokolewa na mtu yeyote. Imeahirishwa, na italipwa kwa dawa ya bei kubwa zaidi.

Kuna na jambo dogo la majina, niliseme nipite. Wagonjwa wengi huondoka wakinung'unika kwamba wamepewa "parasetamo ya serikali" wakati wao walitaka Panadol. Dawa iliyo ndani ni ile ile. Mtoa dawa angetumia sekunde kumi kulisema hilo, angemwokolea mtu fedha ya kununua mara ya pili kitu alicho nacho mfukoni. Ila sekunde kumi, kama tulivyoona, ni sehemu kubwa ya 48.

Sasa yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kungoja bajeti. Dozi zinazotoka kila siku zinaweza kufungwa na kuandikwa mapema, asubuhi kabla ya wagonjwa kufika, ili sekunde za kuhesabu ziwe sekunde za kueleza. Anayetoa dawa na anayeeleza wanaweza kuwa watu wawili, wa pili akiwa na kiti na meza pembeni, ambapo mama anaweza kuuliza kuhusu dawa ya ukeni bila watu arobaini kusikia. Huko kusikika ndiko kunakofanya wengine wasiulize, na vidonge vya kuwekwa vikaishia kumezwa. Namba za foleni zingemruhusu mgonjwa aketi. Na daktari angeambiwa kila asubuhi ni dawa zipi zimekwisha, asiandike ambayo anaweza kuandika nyingine badala yake.

Hili la mwisho nililiona kwa macho yangu katika hospitali moja ya wilaya niliyopita nikiwa safarini. Nje ya chumba cha dawa palikuwa na ubao mweusi, na juu yake orodha ya dawa zisizokuwapo siku ile, saba kwa jumla, na mbele ya kila moja jina la iliyopo inayoweza kutumika badala yake, pale ilipokuwapo. Madaktari walipita hapo kabla ya kuanza kazi. Wagonjwa nao walisoma, na waliojua kusoma waliwasomea wengine. Nilimuuliza mfamasia kama uongozi ulikubali mara moja kutangaza hadharani kwamba dawa hazipo. Alicheka. Alisema walimwita mara mbili kumuuliza kwa nini anaitia hospitali aibu, na kwamba ubao ulikuwa umeazimwa kutoka shule ya msingi ya jirani, na chaki ananunua mwenyewe.